Mzazi akigundulika na saratani ya damu, msimfiche majibu yake

Watoto wengi huamua kubeba siri ili kumlinda mzee. Lakini tiba ya ugonjwa huu inamhitaji mgonjwa anayejua anaumwa nini.

Majibu ya kipimo cha uloto yanapotoka, mara nyingi anayeitwa ofisini kwa daktari si mgonjwa. Ni mtoto mkubwa, au yule anayeishi mjini, au yule anayelipa. Mzee anabaki kwenye benchi la nje, ameshika chupa ya maji na bahasha ya eksirei, akisubiri.

Mtoto anatoka na jambo zito kifuani. Kabla hajafika kwenye benchi ameshaamua atakachosema: “Ni damu tu imepungua, baba. Umepewa dawa.” Jioni hiyo hiyo linaundwa grupu la WhatsApp la familia ambalo baba hayumo. Huko ndiko zinakojadiliwa gharama, rufaa, na nani aende kliniki na mgonjwa. Mwenye ugonjwa anaambulia vipande: simu inayokatwa akiingia sebuleni, shangazi anayefika kutoka kijijini bila taarifa, wajukuu wanaoambiwa wasipige kelele.

Familia zinazofanya hivi zinafanya kwa upendo. Neno saratani limebeba woga mkubwa, na watoto wanaogopa kwamba mzee akilisikia atakata tamaa, ataacha kula, atakufa kabla ya siku zake. Wengine wanaona ni utovu wa adabu mtoto kumtamkia mzazi neno kama hilo.

Tatizo ni kwamba saratani ya damu haitibiwi kwa siku moja. Haina uvimbe ambao daktari ataukata, mgonjwa akashonwa na kurudi nyumbani. Hutibiwa kwa miezi, na aina nyingine kwa miaka, na sehemu kubwa ya tiba hiyo hufanyika nyumbani, mikononi mwa mgonjwa mwenyewe. Mgonjwa asiyejua anachotibiwa ni rahisi kukosea, na makosa mengine hayarekebishiki.

Ugonjwa wenyewe ni upi

Damu hutengenezwa ndani ya uloto, ule ute laini ulio katikati ya mifupa. Huko ndiko zinakozaliwa chembe nyekundu zinazobeba hewa ya oksijeni, chembe nyeupe zinazopigana na magonjwa, na chembe sahani zinazosaidia damu kuganda mtu anapojikata. Saratani ya damu huanza pale baadhi ya chembe hizi, au zile zinazozizaa, zinapoharibika na kuongezeka bila mpangilio, zikizinyima nafasi zilizo nzima.

Zipo aina nyingi, lakini makundi makubwa ni matatu. Lukemia huanzia kwenye uloto na kujaza damu chembe zisizofanya kazi yake. Ipo inayokuja kwa kasi ndani ya wiki chache na ipo inayotambaa taratibu kwa miaka. Limfoma hushambulia mfumo wa mitoki, na wengi huiona kwa uvimbe usiouma shingoni, kwapani au kwenye kinena. Ya tatu ni mayeloma, inayowapata zaidi watu wa umri mkubwa na ambayo hula mifupa, hupunguza damu na kuharibu figo.

Familia nyingi huchelewa kuijua kwa sababu dalili zake hufanana na mambo ya kawaida. Uchovu na kuishiwa damu husemwa ni lishe. Homa zinazorudi rudi husemwa ni malaria au taifodi. Bandama iliyovimba upande wa kushoto wa tumbo husemwa ni malaria ya zamani. Maumivu ya mgongo husemwa ni uzee.

Hili la mgongo linastahili uangalifu wa pekee. Mzee wa miaka 60 na kuendelea ambaye mgongo au mbavu zinamuuma kwa miezi, huku damu yake ikipungua bila sababu inayoeleweka, apimwe damu na figo kabla ya kuendelea kuchomwa sindano za diklofenaki. Kama ni mayeloma, dawa za kutuliza maumivu za kundi hilo zinaweza kuzimaliza figo ambazo ugonjwa umeshaanza kuziharibu.

Dalili nyingine za kutopuuzwa ni kutoka damu puani au kwenye fizi, alama za kuvilia damu bila kugongwa, kutokwa jasho jingi usiku hadi shuka kulowa, na kupungua uzito bila kukusudia. Kipimo cha kwanza si kikubwa. Ni kile cha kuhesabu chembe za damu, ambacho wengi hukijua kwa jina la FBP, na hupatikana katika hospitali nyingi za wilaya. Kikionyesha mambo yasiyo ya kawaida ndipo mgonjwa hupewa rufaa, na uloto wake huchukuliwa kwa sindano kwenye mfupa wa nyonga, kwa ganzi.

Ugonjwa huu hauambukizi. Mzee anaweza kula sahani moja na wajukuu, kulala nao chumba kimoja na kukumbatiwa. Pia, kwa kawaida, haurithiwi, hivyo watoto hawana haja ya kuishi wakihesabu siku zao.

Gharama ya siri

Mfano ulio wazi zaidi wa hasara ya kuficha ni lukemia sugu ya mayeloidi, mojawapo ya zile zinazotambaa taratibu. Mwaka 1960 watafiti wawili wa Marekani, Peter Nowell na David Hungerford, waliona kwenye chembe za wagonjwa wa lukemia hii kromosomu moja iliyokuwa fupi kuliko kawaida. Ugunduzi huo, uliofanyika jijini Philadelphia, ulifungua njia ya kupatikana kwa dawa ya imatinibu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2001. Ni kidonge cha kumeza nyumbani. Kabla yake, wengi waliougua waliishi miaka michache tu. Leo wengi wanaoimeza vizuri wanazeeka kama watu wengine.

Kuanzia mwaka 2002, kupitia mpango wa msaada wa kampuni iliyoitengeneza, dawa hiyo imewafikia bure wagonjwa wengi wa nchi zenye kipato kidogo, wakiwamo wa Afrika Mashariki. Lakini ina sharti moja gumu: imezwe kila siku, hata pale mgonjwa anapojisikia mzima kabisa. Utafiti uliofanyika London na kuchapishwa mwaka 2010 ulionyesha kuwa waliomeza chini ya asilimia 90 ya vidonge vyao walikuwa na nafasi ndogo zaidi ya kuudhibiti ugonjwa. Asilimia 10 ya mwezi ni siku tatu tu.

Sasa mrudie mzee aliyeambiwa ana upungufu wa damu. Baada ya miezi miwili bandama imerudi, nguvu zimerudi, analima. Kwa nini aendelee kumeza vidonge vinavyomchefua na kumvimbisha macho? Kwa nini apande basi usiku kucha kwenda kliniki kwa ajili ya damu ambayo imeshaongezeka? Anaviacha, na kwa anachokijua yuko sahihi. Ugonjwa unaporudi unaweza kuwa umekuwa sugu kwa dawa ile ile iliyokuwa ikimponya.

Hasara ya pili ni uamuzi. Mzee ana shamba, ana deni, ana mtoto wa mwisho anayesoma, ana ndugu aliyekosana naye miaka 10 iliyopita. Asipojua hali yake ananyimwa nafasi ya kupanga mambo yake akiwa na akili timamu. Mengi ya magomvi yanayozuka baada ya msiba huanzia hapa.

Hasara ya tatu ni upweke. Wagonjwa wengi hujua. Mtu haletwi Taasisi ya Saratani Ocean Road akasoma kibao cha getini asielewe. Hukaa kimya kwa sababu anaona watoto wanataka akae kimya. Hapo kila mmoja anamlinda mwenzake, na hakuna anayezungumza.

Aliyekuwa mkurugenzi mtendaji wa Safaricom ya Kenya, Bob Collymore, alichagua njia nyingine. Alikwenda likizo ya matibabu mwaka 2017 akiwa na lukemia inayokuja kwa kasi, akatibiwa Uingereza, akarudi kazini Julai 2018 na kueleza ugonjwa wake mbele ya kamera za televisheni. Alifariki Julai 1, 2019. Si kila mtu anapenda kujulikana kiasi hicho, wala hakuna haja. Ila kwa wengi wa Afrika Mashariki ilikuwa mara ya kwanza kumsikia mtu mkubwa akiutaja ugonjwa huu kwa jina lake, akiwa hai.

Namna ya kumwambia

Kumwambia mzazi hakuna maana ya kumrushia taarifa yote kwa mkupuo. Njia inayofanya kazi kwa wengi ni kumuuliza kwanza: “Mama, daktari ana majibu. Ungependa akueleze wewe mwenyewe, au atueleze sisi halafu tukusimulie?” Swali hilo linamrudishia heshima yake. Wapo watakaosema, “Niambieni kila kitu.” Wapo watakaosema, “Nyie mnajua, mimi nipeni dawa.” Wote wawili wameamua wenyewe, na huko ni tofauti kubwa na kuamuliwa.

Anayetaka kujua aingie ofisini na daktari, akiwa na mtoto mmoja au wawili anaowaamini. Daktari ndiye atamke jina la ugonjwa. Hili linawasaidia pia wanaoona ni vigumu kwa mtoto kulitamka. Kama kuna mtu anayemsikiliza zaidi, mdogo wake wa kiume, dada yake, padri, shehe au rafiki wa ujanani, aombwe awepo.

Baada ya jina, mambo matatu yasemwe siku hiyo hiyo: kwamba kuna tiba au kuna nafuu inayoweza kupatikana, ni nini kitafanyika wiki inayofuata, na kwamba hataachwa peke yake. Mengine yanaweza kusubiri. Siku ya kwanza mtu husikia neno moja tu, yaliyobaki hupita masikioni.

Mzee naye aulizwe nani ajue. Kuna wanaotaka jumuiya nzima iwaombee na kuna wasiotaka hata jirani asikie. Kabla mtoto hajatuma picha ya baba mwenye dripu kwenye grupu la ukoo, apate ruhusa ya baba.

Kazi zigawanywe mapema

Katika familia nyingi mzigo wote humwangukia mmoja, na mara nyingi ni binti. Ndiye anayelala hospitali, anayepika uji, anayejua dawa gani imeisha, huku ana watoto wake na kazi yake. Wengine hutuma pesa na kupiga simu kuuliza, “Mama anaendeleaje?” Baada ya miezi minne binti huyo naye anaanza kuumwa.

Ni vyema ndugu wakae, hata kwa simu, na kugawana kazi kwa majina. Mmoja ashike faili: vipimo, barua za rufaa, tarehe za kliniki, orodha ya dawa. Mmoja ashughulikie fedha na kuandika kila kinachoingia na kutoka, ili pasizuke maneno. Mmoja atafute wachangia damu. Mmoja aangalie nyumbani alikotoka mzee, mifugo, shamba, na yule mzazi mwingine aliyebaki. Aliye mbali naye anaweza kazi, mfano kumpigia mzee kila jioni na kuzungumza naye mambo mengine kabisa.

Mzee asiondolewe majukumu yote. Kama ndiye aliyekuwa akifungua sala ya chakula, aendelee. Kama ndiye aliyekuwa akiulizwa posa ya mjukuu, aulizwe. Ugonjwa umempunguzia nguvu, haujamwondolea ubaba wala umama.

Homa ni dharura

Tiba kuu ya saratani nyingi za damu ni dawa, ama vidonge au tiba kemia ya dripu ambayo wengi huiita kimo. Dawa hizo huua chembe mbovu pamoja na nyingi zilizo nzima. Kwa tiba nyingi, kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dozi, chembe nyeupe hushuka sana na mwili hubaki bila walinzi.

Hapo ndipo kosa moja la kawaida linapoua. Mzee anapata homa usiku. Mtu anakwenda duka la dawa, ananunua paracetamoli na dawa ya mseto ya malaria, wanangoja asubuhi. Kwa mgonjwa aliye kwenye kimo, joto la nyuzi 38 au zaidi ni dharura kama ajali. Maambukizi yanaweza kuingia kwenye damu na kumuua ndani ya saa chache, na paracetamoli hushusha joto bila kutibu chanzo chake, hivyo familia inadhani amepona.

Nyumba yenye mgonjwa wa aina hii iwe na kipimajoto, na kila anayelala na mgonjwa ajue kukisoma. Homa ikifika hapo, mgonjwa apelekwe hospitali usiku huo huo, na neno la kwanza mapokezi liwe: “Huyu ana saratani ya damu na yuko kwenye kimo.” Anatakiwa kupata dawa ya kuua bakteria ya mshipa mapema, ikiwezekana ndani ya saa moja. Malaria ipimwe pia, lakini kuikuta kusifunge uchunguzi mwingine.

Mambo mengine ya kuzingatia nyumbani ni haya:

- Wote wanawe mikono kwa sabuni kabla ya kumshika au kumpikia. Mwenye mafua, kikohozi, surua au tetekuwanga asimsogelee. Akiwa ameshakaa karibu na mwenye tetekuwanga, daktari aambiwe.

- Mayai na nyama viive kabisa, maziwa na maji yachemshwe, matunda yaoshwe na kumenywa. Chakula cha jana kilicholala nje kisiletwe mezani kwake.

- Chembe sahani zikiwa chini, asipewe aspirini, ibuprofeni wala diklofenaki, na asichomwe sindano ya msuli bila daktari wake kujua. Mswaki uwe laini. Kinyesi cheusi kama lami, damu isiyokata au maumivu makali ya kichwa ya ghafla ni sababu ya kukimbilia hospitali.

- Kwa saa 48 baada ya dozi ya kimo, anayesafisha matapishi, mkojo au mashuka yaliyochafuka avae glovu, na nguo hizo zifuliwe peke yake.

- Anayetumia imatinibu ameze pamoja na chakula na glasi kubwa ya maji, na aepuke balungi, kwa sababu tunda hilo huongeza kiwango cha dawa mwilini.

Damu ya watu

Familia nyingi hushtuka kuona mgonjwa mmoja anahitaji damu mara nyingi hivyo. Ugonjwa wenyewe humaliza damu, na tiba nayo humaliza. Chembe nyekundu zikihifadhiwa kwenye jokofu hudumu wiki kadhaa, lakini chembe sahani hudumu siku tano hadi saba tu. Kwa hiyo huwezi kukusanya watu 20 Jumamosi moja ukadhani umemaliza.

Kinachosaidia ni ratiba. Andika majina ya ndugu, marafiki, wanakwaya, wachezaji wa timu ya mtaa, na uwagawe kwa wiki. Nchini Tanzania anayechangia anatakiwa kuwa na umri wa miaka 18 hadi 65 na uzito usiopungua kilo 50. Mwanaume anaweza kurudia baada ya miezi mitatu na mwanamke baada ya minne. Hahitaji kuwa na kundi sawa na la mgonjwa, kwani damu yake inaingia benki na kusaidia wengine pia. Damu haiuzwi. Anayetaka pesa ili “akupatie chupa” aripotiwe kwa uongozi wa hospitali.

Baadhi ya wagonjwa hufikia hatua ya kupandikizwa uloto. Mwaka 2021 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza huduma hiyo kwa wagonjwa wa mayeloma, kwa kutumia chembe za mgonjwa mwenyewe. Pale zinapohitajika chembe za mtu mwingine, wa kwanza kupimwa huwa ni ndugu wa baba mmoja na mama mmoja, na kila ndugu ana nafasi moja kati ya nne ya kulingana kikamilifu na mgonjwa.

Dawa za miti na maombi

Habari ikienea, watakuja wenye chupa. Mmoja ana mizizi kutoka bara, mwingine unga wa mlonge, mwingine anamjua mtu aliyepona kwa siku saba.

Hakuna haja ya kuwadharau. Vinkristini, dawa inayotumika duniani kote kutibu lukemia na limfoma, ilitokana na mmea wenye maua ya waridi na meupe, asili yake Madagaska, ambao leo umepandwa kwenye nyua nyingi za pwani kama pambo. Lakini mmea huo huo ukitafunwa ni sumu. Kilichoufanya dawa ni kujua kipande gani, kiasi gani, kwa mgonjwa yupi. Chupa isiyo na kipimo inaweza kuumiza ini na figo, au kuzuia dawa za hospitali zisifanye kazi. Mzee akitaka kutumia, ipelekwe kwa daktari na aulizwe waziwazi. Kumficha daktari ni siri nyingine yenye gharama.

Maombi na dua humpa mgonjwa nguvu na watu. Lakini kiongozi wa dini anayemwambia mgonjwa aache dawa ili athibitishe imani yake anamweka hatarini. Familia imwambie hivyo kwa heshima na kwa uwazi.

Fedha

Kabla ya kuuza shamba, angalieni kilichopo. Mtoto aliye kwenye Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya aangalie ni nani ameandikishwa kama mtegemezi wake, kwa kuwa wazazi wanaweza kuwemo. Barua ya rufaa ifuate ngazi zake, vinginevyo bima inaweza kukataa. Kila hospitali kubwa ya umma ina ofisa ustawi wa jamii anayeshughulikia wasio na uwezo. Aonwe wiki ya kwanza, bili ikiwa bado ndogo.

Ulizeni kila dawa kama ipo kwenye mpango wa msaada. Gharama inayosahaulika ni nauli, chakula na mahali pa kulala mjini. Ulizeni pia kama baadhi ya vipimo vya damu vinaweza kufanyika hospitali ya mkoa na majibu yakatumwa. Wa Kanda ya Ziwa wana Bugando na wa Kaskazini wana KCMC. Si kila safari lazima iishie Dar es Salaam.

Wajukuu nao wanaona

Mtoto wa miaka sita anajua bibi amebadilika. Akifichwa hutunga sababu yake, na mara nyingi hujilaumu: bibi anaumwa kwa sababu nilimkasirisha. Aambiwe kwa maneno mafupi: damu ya bibi inaumwa, anatumia dawa kali, nywele zinaweza kutoka na zitaota tena, hakuna aliyesababisha, na hautamwambukiza mtu. Kama ana mafua, aelezwe kwamba atamsalimia bibi kwa simu leo kwa sababu mwili wa bibi umechoka kupigana na vijidudu.

Kijana wa sekondari anahitaji zaidi. Atatafuta mtandaoni usiku, apate ya kutisha. Afadhali asikie kwa mzazi wake, apewe na kazi halisi, kama kumsomea babu gazeti au kuandika joto lake kwenye daftari. Mwalimu wa darasa naye ajulishwe.

Tiba ikifika mwisho

Wapo watakaopona, wapo watakaoishi na ugonjwa kwa miaka, na wapo ambao dawa zitashindwa. Kwa hao ipo tiba shufaa, ambayo kazi yake ni kuondoa maumivu, kichefuchefu na hofu. Haimaanishi hospitali imekata tamaa, na inaweza kuanza mapema pamoja na tiba nyingine. Morfini ya maji, ikitolewa na wataalamu kwa maumivu makali, haimharakishi mgonjwa kufa. Inamwezesha kulala, kula kidogo na kuzungumza na watoto wake. Kama mzee anataka kurudi nyumbani kwake badala ya kuongezewa dripu nyingine, hilo nalo lisikilizwe, na daktari aulizwe namna ya kulifanya bila mateso.

Maswali ya kumuuliza daktari

1. Ugonjwa huu unaitwaje hasa, na ni wa kasi au wa taratibu?

2. Lengo la tiba ni kuponya, kudhibiti au kupunguza maumivu?

3. Tiba itachukua muda gani, na dozi zitatolewa kila baada ya siku ngapi?

4. Madhara gani tuyategemee, na yapi yatuleteze usiku?

5. Namba gani tupige homa ikipanda, na hospitali ipi ya karibu inaweza kuanza tiba?

6. Dawa anazotumia za presha, sukari au mitishamba zinagongana na hizi?

7. Nini kinalipwa na bima, na nini tutafute wenyewe?

Maswali haya yaulizwe mgonjwa akiwa chumbani, kama amekubali kuwepo. Majibu yaandikwe kwenye daftari, na daftari likae kwa mzee.